Hofu ya Hisabati: Historia ya Lawama Aliyotwishwa Mwanafunzi

Watu wengi waliopita shuleni, katika Afrika ya Mashariki na kwingineko, wanaamini kwamba binadamu wamegawanyika katika makundi mawili, wenye kichwa cha hesabu na wasio nacho, na kwamba mgawanyiko huo ni wa kuzaliwa. Imani hiyo imeota mizizi kiasi kwamba mzazi huitamka mbele ya mwanawe bila kusita, na mwalimu huitumia kuelezea matokeo mabaya ya mtihani, ilhali ni nadra kusikia ikisemwa kwa wepesi uleule kwamba mtoto fulani hakuzaliwa na kichwa cha kusoma na kuandika. Makala haya yanafuatilia jinsi hofu ya hisabati ilivyojengeka shuleni, jinsi wataalamu walivyoanza kuichunguza, na jinsi lawama yake, ambayo kwa muda mrefu ilibebeshwa mwanafunzi peke yake, ilivyohamia hatua kwa hatua kwenye somo lenyewe, kwa mwalimu, na kwenye mfumo mzima wa elimu.

Hesabu yenyewe haikuzaliwa na hofu. Kabla ya shule za serikali na za misheni kuenea, jamii za Waswahili wa pwani zilikuwa na elimu ya hesabu iliyofungamana na haki na riziki. Elimu ya mirathi huhitaji ujuzi wa sehemu sita zilizotajwa katika Kurani, nazo ni nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mtu akifa na kuacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja, mke hupata thumni, na kinachobaki hugawanywa kwa namna ambayo mwana wa kiume anapata mafungu mawili na binti fungu moja. Ili pasiwe na vipande visivyogawika, mali yote huhesabiwa kuwa mafungu 24, mke akachukua 3, mwana 14 na binti 7. Sokoni nako nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na bidhaa nzito zikapimwa kwa frasila, ambayo ilikaribia ratili 35. Hii haina maana kwamba katika vyuo vya Kurani hapakuwa na bakora, au kwamba kila mtu aliimudu hesabu ya mirathi. Maana yake ni kwamba aliyekosea alijua kwa nini asahihishwe, kwa kuwa kosa lake lingemdhulumu mrithi au kumpunja mnunuzi.

Shule ya kisasa iliiweka hesabu mahali pengine, na mfano ulio wazi unapatikana Uingereza. Mwaka 1862 serikali ya nchi hiyo ilianza kutekeleza kanuni zilizojulikana kama malipo kwa matokeo, ambazo zilihusishwa zaidi na Robert Lowe, kiongozi wa serikali aliyesimamia elimu wakati huo. Kwa kanuni hizo, mtoto aliyehudhuria shule ipasavyo aliweza kuipatia shule yake ruzuku ya shilingi 8, lakini mkaguzi alimpima katika kusoma, kuandika na hesabu, na kwa kila somo aliloshindwa theluthi moja ya fedha hizo, yaani shilingi 2 na peni 8, ilikatwa. Hesabu moja iliyokosewa na mtoto wa miaka saba ikawa na bei, na bei hiyo iligusa mshahara wa mwalimu. Matthew Arnold, mshairi ambaye pia alikuwa mkaguzi wa shule, alilalamika katika taarifa zake kwamba utaratibu huo uliyafanya mafundisho kuwa ya kimashine, kwa sababu walimu waliwakaririsha watoto kile tu kilichotarajiwa kuulizwa. Kanuni hizo zilikomeshwa katika miaka ya 1890, lakini desturi ya kulifanya jibu la hesabu kuwa kipimo cha haraka cha thamani ya mtoto, mwalimu na shule kwa pamoja ilidumu, na shule za kikoloni za Afrika zikaanzishwa na watu waliokulia ndani yake. Katika Tanganyika ya miaka ya 1950, mitihani ya darasa la nne na la nane ndiyo iliyoamua wachache watakaoendelea na wengi watakaorudi nyumbani, na hesabu ilikuwa miongoni mwa masomo yaliyofanya kazi hiyo ya kuchuja.

Uchunguzi wa kitaalamu wa hisia za mwanafunzi ulianza baadaye sana, na ulianza kwa kupima. Mwanasaikolojia wa Marekani L. L. Thurstone alieleza mwaka 1928 kwamba mitazamo ya watu inaweza kupimwa, na mwaka 1932 Rensis Likert akabuni njia nyepesi ambayo mhojiwa husoma sentensi na kuonyesha kiwango cha kukubaliana au kutokubaliana nayo. Mtazamo, kwa maana iliyotumika katika kazi hizo, ni mwelekeo wa kudumu wa mtu wa kupenda au kuchukia jambo fulani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, Wilbur Dutton wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles aliitumia njia ya namna hiyo kuwapima wanafunzi waliokuwa wakisomea ualimu wa shule za msingi, naye akakuta kwamba wengi wa watu waliokaribia kuwafundisha watoto hesabu walikuwa na chuki nayo waliyoibeba kutoka utotoni. Mwaka 1954 Sister Mary Fides Gough, mtawa wa Kikatoliki, aliandika makala fupi iliyouelezea woga huo kama maradhi yenye visababishi na tiba, na miaka mitatu baadaye Ralph Dreger na Lewis Aiken walionyesha kwamba wasiwasi wa namba ni jambo la pekee, ambalo halifanani na wasiwasi wa jumla wala haliambatani na upungufu wa akili. Mwaka 1972 Frank Richardson na Richard Suinn wakatoa dodoso la vipengele 98 la kupimia wasiwasi huo, na tangu hapo utafiti wa jambo hili ukawa na chombo chake.

Kazi hizo zilikuwa na faida kubwa, kwa kuwa zilithibitisha kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kushindwa hesabu kwa sababu ya hofu. Hata hivyo, lugha yake ya maradhi na tiba iliacha lawama palepale ilipokuwa, kwani mgonjwa alikuwa mwanafunzi na dawa ilitafutwa ndani yake.

Walioanza kuihamisha lawama hiyo walikuwa watafiti waliojishughulisha na elimu ya wanawake. Mwaka 1973 Lucy Sells aliwachunguza wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akakuta kwamba asilimia 57 ya wanaume walikuwa wamesoma hisabati kwa miaka minne ya sekondari, wakati kwa wanawake kiwango hicho kilikuwa asilimia 8 tu. Kwa kuwa miaka hiyo minne ndiyo iliyofungua mlango wa kozi nyingi za sayansi, uhandisi na uchumi, Sells aliiita hisabati kichujio, yaani kitu kinachowaondoa watu kabla hawajafika mahali pa kuchagua. Mwaka 1975 Sheila Tobias alisaidia kuanzisha kliniki ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Wesleyan huko Connecticut, na kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu kuushinda wasiwasi wa hisabati kikasomwa na watu wengi nje ya vyuo. Kati ya matukio hayo mawili, Elizabeth Fennema na Julia Sherman walichapisha mwaka 1976 vipimo tisa vya mitazamo, ambavyo viliuliza kuhusu kujiamini kwa mwanafunzi na pia kuhusu anavyouona mtazamo wa mama yake, baba yake na mwalimu wake. Hatua hiyo ilikuwa na uzito, kwa sababu mara tu dodoso linapomwuliza mtoto wazazi na walimu wake wanamtarajia nini, hofu yake haiwezi tena kuhesabiwa kuwa siri ya moyo wake peke yake.

Katika miaka ya 1980 uchunguzi uligeukia imani, yaani yale ambayo mwanafunzi anayaona kuwa kweli kuhusu hisabati na kuhusu nafsi yake kama mwanafunzi wa hisabati. Watafiti wa Grenoble nchini Ufaransa waliwapa watoto wa madarasa ya chini swali lisilo na jibu: kama melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97 walioulizwa, 76 walitoa jibu kwa kuzitumia namba zilizotajwa, na mwaka 1985 Stella Baruk akaandika kitabu kizima kuhusu umri wa nahodha huyo. Watoto hao walikuwa wametii sheria waliyojifunza darasani, kwamba kila swali la mwalimu lina jibu, kwamba jibu hilo hupatikana kwa kufanya kitu na namba zilizoandikwa, na kwamba kuuliza kama swali lenyewe lina maana si kazi ya mwanafunzi.

Marekani nako, katika tathmini ya kitaifa ya mwanzoni mwa miaka hiyohiyo, wanafunzi wa miaka 13 waliulizwa ni mabasi mangapi yanahitajika kuwasafirisha wanajeshi 1,128 iwapo kila basi linabeba watu 36. Asilimia 70 hivi waligawanya sawasawa, lakini asilimia 29 waliandika kwamba yanahitajika mabasi 31 na baki 12, na asilimia 23 tu ndio waliotoa jibu la 32. Alan Schoenfeld, aliyekitumia kisa hicho katika maandishi yake, alieleza kwamba wanafunzi wengi wanaamini tatizo la hisabati linapaswa kukamilika katika dakika chache, na kwamba asiyelimaliza katika muda huo hana uwezo wa kulimaliza kabisa. Imani ya namna hiyo humfanya mwanafunzi aweke kalamu chini mapema, kisha achukulie kuacha kwake kuwa uthibitisho kwamba hana kichwa cha hesabu.

Mpangilio wa mawazo hayo yote ulifanywa na Douglas McLeod mwaka 1992, katika sura ambayo hadi leo ni msingi wa uwanja huu. McLeod alitofautisha imani, mitazamo na mihemko kwa kuangalia nguvu na udumifu wake. Mhemko, kama hasira au furaha ya ghafla, huwaka kwa nguvu na kupita upesi. Mtazamo una nguvu ya kiasi na hukaa muda mrefu zaidi. Imani ni baridi, hujengwa taratibu, na ni ngumu kubadilika. Akifuata nadharia ya mwanasaikolojia George Mandler, alieleza kwamba mhemko huzuka mtu anapokatizwa katika jambo alilokusudia kulifanya, na kwamba kukwama kwa namna hiyo ni sehemu ya kawaida ya kutafuta ufumbuzi. Kukwama kukirudiwa mara nyingi pasipo msaada, mihemko huganda ikawa mtazamo, na mtazamo ukaja kutetewa na imani. Uwanja huo ulipata jumuiya yake mwaka 1995, Erkki Pehkonen wa Finland na Günter Törner wa Ujerumani walipoanzisha mikutano ya kila mwaka ya watafiti wa mitazamo ya kihisabati.

Wakati mijadala hiyo ikiendelea ng'ambo, Afrika ya Mashariki ilipitia jaribio lake kubwa. Baada ya Umoja wa Kisovieti kurusha setilaiti ya Sputnik mwezi Oktoba 1957, nchi za Magharibi zilianza kubadili mitaala ya hisabati, na ikazaliwa hisabati iliyoitwa ya kisasa, ambayo iliweka mbele seti, miundo na mantiki badala ya mazoezi ya kukokotoa. Mwaka 1962 wanahisabati na walimu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, chini ya uongozi wa W. T. Martin wa taasisi ya MIT, ili kuandika vitabu vya kiada kwa ajili ya nchi kadhaa za Afrika zinazotumia Kiingereza. Vitabu vya Entebbe, pamoja na vile vilivyotokana na mradi wa sekondari wa Uingereza, viliingia madarasani katika miaka iliyofuata. Nia ilikuwa njema, kwa sababu waandishi walitaka mtoto wa Kiafrika aelewe badala ya kukariri, na nchi zilizopata uhuru zilitaka elimu isiyopungua ya mtu yeyote duniani.

Somo muhimu kutoka mradi huo lilipatikana Liberia. John Gay, aliyefundisha huko na kushiriki kazi ya Entebbe, alishirikiana na mwanasaikolojia Michael Cole kuchunguza kwa nini watoto wa Kikpelle walipata shida na hisabati ya shule, na kitabu chao kikatoka mwaka 1967. Walipowaonyesha watu wazima vyombo vyenye mchele na kuwauliza umo vikombe vingapi, wakulima wa Kikpelle wasiosoma walikadiria kwa usahihi zaidi kuliko Wamarekani waliopewa kazi ileile. Matokeo hayo yangemshangaza kidogo tu mfanyabiashara wa pwani aliyezoea pishi na kibaba, lakini kwa watunga mitaala yalikuwa onyo kwamba mtoto huingia shuleni akiwa na ujuzi wa kiasi na kipimo, na kwamba shule inayoupuuza ujuzi huo humfundisha, tangu siku ya kwanza, kuwa hisabati ni mali ya wageni.

Onyo hilo halikufika kila darasa. Walimu wengi walipewa mafunzo mafupi kuhusu maudhui ambayo wao wenyewe hawakuwahi kuyasoma, na wazazi waliojua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya walijikuta hawawezi kuwasaidia watoto wao kazi za nyumbani. Nigeria iliiondoa hisabati ya kisasa mashuleni mwaka 1977, na Kenya ikafanya vivyo hivyo mwaka 1981 kwa tamko la Rais Daniel arap Moi. Katika Tanzania mtaala ulichanganya ya kale na ya kisasa, ndiyo maana seti zimebaki katika silabasi ya sekondari. Hukumu ya haki kuhusu jaribio hilo ni kwamba hisabati yenyewe haikuwa na kosa. Kilichokosewa ni kudhani kwamba kitabu kipya kinatosha, hata kama mwalimu anayekishika anakiogopa.

Nafasi ya mwalimu ilithibitishwa na tafiti zilizofuata. Mwaka 1984 Alba Thompson alionyesha kwamba imani ya mwalimu kuhusu hisabati huonekana katika namna anavyoendesha kipindi: anayeiona kuwa mkusanyiko wa kanuni hudai kanuni, na anayeiona kuwa kazi ya kufikiri huacha nafasi ya kubahatisha na kujadiliana. Mwaka 2010 Sian Beilock na wenzake waliwafuatilia walimu wanawake 17 wa madarasa ya mwanzo nchini Marekani. Mwanzoni mwa mwaka wasiwasi wa mwalimu haukuwa na uhusiano na ufaulu wa wanafunzi wake. Mwishoni, wasichana waliofundishwa na walimu wenye wasiwasi mkubwa walielekea zaidi kuamini kwamba hisabati ni ya wavulana, na walioamini hivyo walifanya vibaya zaidi. Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walikuwa wamekwisha kueleza, mwaka 2001, jinsi hofu inavyofanya kazi: inachukua nafasi katika kumbukumbu ya muda mfupi ambayo akili huitumia kushikilia namba wakati wa kukokotoa, hivyo mwenye hofu hukokotoa akiwa na uwezo uliopunguzwa.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Tafiti za kimataifa za TIMSS kuhusu ufaulu wa hisabati na sayansi, zilizoanza mwaka 1995, zimeonyesha kwamba wanafunzi wa Japani na Korea Kusini hupata alama za juu sana huku wakisema kwamba hawajiamini wala hawaipendi sana hisabati, wakati katika nchi kadhaa zenye alama za chini wanafunzi husema wanaipenda. Kupenda somo peke yake, basi, hakuleti ujuzi, na mwalimu anayewafurahisha wanafunzi bila kuwafundisha hajawasaidia. Jambo linalohitajika ni mafundisho thabiti yanayotolewa katika mazingira ambayo kukosea si aibu.

Tanzania inatoa ushahidi unaostahili kuzingatiwa. Katika utafiti wa SACMEQ wa mwaka 2007, uliohusisha nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, wanafunzi wa darasa la sita wa Tanzania, ambao wengi wao walisoma kwa Kiswahili, walipata wastani wa alama 553 katika hisabati, wakati wastani wa nchi zote ulikuwa takriban 510. Kwa upande mwingine, katika mitihani ya kidato cha nne kati ya 2018 na 2022, ufaulu wa Hisabati ya Msingi ulizunguka asilimia 20. Mitihani hiyo miwili hailingani, na haiwezi kutumika kuthibitisha sababu moja. Lakini mtu anayesema kwamba watoto wa Tanzania hawakuzaliwa na kichwa cha hesabu anapaswa kueleza kwa nini kichwa hicho kilionekana kipo darasa la sita. Kati ya hatua hizo mbili lugha ya kufundishia hubadilika na kuwa Kiingereza, walimu wa hisabati huwa wachache, na mwanafunzi husikia kutoka kwa waliomtangulia kwamba somo hilo ni la kupata F.

Ziko juhudi za kuirekebisha hali hiyo. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kilichoanzishwa mwaka 1966, kimekuwa kikiwakutanisha walimu na kuandaa mashindano ya wanafunzi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Na mwaka 2019 UNESCO iliitangaza tarehe 14 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Hatua hizo ni za kupongezwa, lakini kinachoamua ni yale yanayofanyika katika kipindi cha kawaida, siku ambayo hakuna mgeni wala sherehe.

Historia hii inamwachia kila mhusika wajibu wake. Mwalimu anapaswa kuuliza njia iliyomfikisha mwanafunzi kwenye jibu kabla ya kuliwekea alama ya mkasi, na kumpa muda wa kukwama bila kuchekwa. Vyuo vya ualimu vinapaswa kumsaidia mwalimu mtarajiwa kuishinda hofu yake mwenyewe kabla ya kukabidhiwa darasa. Watunga sera wanapaswa kukumbuka Entebbe kila wanapobadili mtaala, na kuwaandaa walimu kabla ya kuchapa vitabu. Mzazi naye aache kumwambia mtoto kwamba ukoo wao hauna watu wa hesabu, kwa sababu kauli hiyo haina ushahidi, na mtoto anayeiamini hulipa gharama yake maisha yake yote.